Jagi la tikiti, chumvi ya Ivuna na maneno yasiyosemwa

Mpenzi msomaji, habari za joto? Najua wasomaji wangu wa Tunduma na Vwawa mtanicheka, maana huko kwenu sweta haiwi mbali na mkono mwaka mzima. Lakini hebu shukeni bondeni mpaka Ivuna, wilaya ya Momba, ndani ya mkoa wenu huo huo wa Songwe, halafu ndiyo tuongee. Gari likishaanza kuteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, sweta inavuliwa, dirisha linashushwa, na hewa inayoingia ni kama mtu amekufunulia sufuria ya ubwabwa usoni. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza kunyesha sawasawa, kule ni vumbi, jua na kiu. Kiu kweli kweli, siyo ile ya kutamani soda.

Nilikaa huko siku chache, na nimerudi na mambo mawili. La kwanza ni namna ya kutengeneza kinywaji cha tikiti kinachokata kiu bila friji, bila blenda na bila hata chembe ya sukari. La pili ni habari ya jagi moja la juisi lililokaribia kuharibu ndoa changa. Nimejaribu kuyatenganisha nikashindwa, kwa hiyo mwezi huu mtanivumilia: safu ya jikoni itachungulia kidogo chumbani.

Tuanze na tunda lenyewe. Kuna watu wanadhani tikiti maji limeletwa na wageni kama nanasi. Si kweli. Ni tunda la Afrika hii hii. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa tikiti tunalokula leo ni tikiti la Kordofan, kule Sudan, ambalo nyama yake ni nyeupe. Mbegu za tikiti zilikutwa hata ndani ya kaburi la Tutankhamun, yule mfalme kijana wa Misri aliyefariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Waliolilima zamani walijua wanachokitafuta: karibu asilimia 92 ya tikiti ni maji, na ganda lake huyatunza maji hayo kwa wiki kadhaa mradi hujalikata. Ni mtungi unaoota shambani, basi.

Sokoni usidanganywe na ukubwa. Sikuhizi wakulima wengi wanapanda Sukari F1, lile refu lenye mistari, au Sugar Baby, lile la duara lenye kijani kilichokolea. Lolote utakalolikuta, ligeuze kwanza uangalie tumboni, pale lilipolalia udongo. Pakiwa na doa la njano kama siagi, limekaa shambani mpaka likaiva. Pakiwa peupe, muuzaji alikuwa na haraka ya ada ya shule. Kisha linyanyue. Tikiti zuri huwa zito kuliko macho yalivyotegemea. Hayo mambo ya kulipiga makonde na kulisikiliza kama daktari wa mapafu, endeleeni nayo kama yanawafurahisha, ila mimi naamini zaidi doa na uzito.

Na kabla ya kisu, maji na sabuni. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu hata kina dada wanaojua kupika hulisahau. Tikiti limelala chini, limepakiwa kwenye lori, limekaliwa na vuvuzela wa mjini. Kisu kikipita juu ya ganda chafu kinabeba uchafu wote mpaka kwenye nyama, na nyama ya tikiti haina uchachu wa kuwazuia vijidudu kama ndimu. Likishakatwa, kwenye joto la Ivuna, una saa moja tu ya kulila au kulinywa. Ndiyo maana vile vipande vya barabarani vilivyofunikwa na nailoni tangu asubuhi mimi huvitazama tu na kuvipa pole. Barafu za kwenye vimfuko ni habari ile ile: kama hujui maji yake yalichemshwa na nani, hiyo siyo barafu, ni bahati nasibu, na kipindupindu hakiangalii digrii ya mtu.

Sasa kinywaji. Mwenyeji wangu Ivuna hakuniwekea sukari. Aliniwekea chumvi, nikadhani amekosea kopo.

Kumbe chumvi pale ni mwenyeji kuliko hata nyumba. Ivuna ina chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi ya miaka zaidi ya 500 iliyopita. Watu walikwangua udongo wenye chumvi, wakauchuja kwa maji kupitia vyungu vilivyotobolewa, kisha wakachemsha yale maji mpaka chumvi ikabaki. Wakati huo hakuna Tunduma wala foleni ya malori ya Zambia, lakini watu walikuwa wakizifuata zile chemchemi.

(Nikiwa bado na Ivuna, niongeze kidogo, maana nimegundua wenyeji wengi hawaringi wakati wangepaswa kuringa. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapo. Siyo kile cha chuma cha Mbozi ambacho kila mtu amepiga nacho picha. Hiki cha Ivuna ni jiwe jeusi, vipande vyake vyote havifikishi kilo moja, na ni adimu kiasi kwamba wanasayansi walichukua herufi I ya Ivuna wakalipa kundi zima la vimondo vya aina yake: CI. Kipande kikubwa kipo kwenye makumbusho London. Na linalowafurahisha ni nini? Maji. Madini yake yamefunga maji ndani yake tangu enzi za kuzaliwa kwa jua letu. Yaani bonde linalolia kiu liliangushiwa jiwe lenye maji. Haya, turudi jikoni.)

Kwa watu wawili, chukua nusu ya tikiti la kilo nne. Toa nyama nyekundu, kata vipande, weka kwenye sufuria safi uviponde kwa mwiko au mchi mpaka vilegee. Kama una blenda, sawa, lakini usiiache izunguke muda mrefu, inavunja mbegu na juisi inapata uchungu. Mimina kwenye chujio, kandamiza kwa mgongo wa kijiko. Utapata kama lita moja. Kamulia ndimu mbili. Kwaruza tangawizi ya ukubwa wa nusu ya kidole gumba, ikamue maji yake humo humo. Halafu chumvi: pungufu ya robo kijiko cha chai kwa lita nzima. Koroga, onja. Hutakiwi kuisikia chumvi. Unatakiwa kulisikia tikiti limekuwa tikiti zaidi, maana chumvi kidogo huuzima ule ubichi na kuuamsha utamu. Na kama umeshinda juani, mwili wako umetoa jasho la chumvi, kwa hiyo unarudishiwa kilichopotea. Usiongeze maji. Maji yalikuwemo.

Angalizo moja kuhusu chumvi. Ile ya kienyeji ni nzuri kwa hadithi na kwa zawadi, lakini ya kila siku jikoni iwe yenye madini joto. Nyanda za juu kusini ni sehemu ambayo tezi la shingo lilikuwa likionekana sana zamani, na sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi iliyopo tangu miaka ya 1990 haikuwa mapambo. Kwa wenzangu mnaopanga kupata mtoto, ubongo wa mtoto tumboni unayahitaji madini hayo kabla hata hujajua kama una mimba. Mwenyeji wangu ana makopo mawili: la kienyeji kwa ajili ya wageni wadadisi kama mimi, la dukani kwa ajili ya familia. Mwenye presha ya kupanda aiache chumvi kabisa, ndimu inamtosha.

Friji? Umeme ukiwepo, vizuri. Usipokuwepo, usinunue barafu ya mashaka. Jioni funga tikiti zima kwenye kanga mbichi, liweke juu ya kigoda kivulini panapopita upepo, kisha ilowanishe tena kanga kabla ya kulala. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Asubuhi utalikuta limepoa kama lililala mtoni. Au tumia chungu: kikalishe ndani ya beseni la mchanga, mwagia mchanga maji mara mbili kwa siku, weka jagi lako lenye kifuniko ndani ya chungu. Njia hii inafanya kazi vizuri sana miezi ya ukavu. Mvua zikishika na hewa kuwa nzito, chungu kinachoka, na wewe itabidi unywe juisi ikiwa vuguvugu kidogo kama bibi zetu. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Basi, hiyo ndiyo juisi. Sasa lile jagi.

Nitaficha mambo machache wahusika wasitambulike, na wenyewe wameniruhusu. Mume ni mwalimu wa sekondari. Mke anashika hesabu za wakulima wa ufuta. Ndoa yao ina miaka miwili. Ni watu wanaopendana, nimewaona kwa macho yangu, wale wa kutaniana hata mbele ya mgeni. Ila kwa miezi kadhaa mambo ya chumbani yalikuwa yamesuasua. Mume anarudi na madaftari ya kusahihisha, analala. Usiku mwingine anajaribu, mwili unamgomea, anageukia ukutani. Hakuna aliyesema kitu. Si unajua tena, yapo mambo tunayaita aibu mpaka yanatukalia kooni.

Mke alipanda Tunduma kwa shughuli za kazi. Kule shoga yake akampa siri ambayo hakuna asiyeijua: juisi ya tikiti. Saga na mbegu zake, tia tangawizi ya kutosha na asali, mpe kila jioni, wiki mbili tu utakuja kunishukuru. Nadhani nusu ya wasomaji wa kike wa gazeti hili wamewahi kupewa siri hiyo saluni. Nusu ya wanaume wameisikia kijiweni.

Akarudi, akaanza. Kila jioni jagi mezani, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Wiki ya kwanza mume alifurahi. Joto lote lile, nani asiyependa juisi? Alishukuru, akanywa glasi mbili. Wiki ya pili, kwenye ofisi ya walimu, akataja bila kujua kwamba siku hizi mkewe anamtengenezea tikiti na mbegu zake kila siku. Wenzake wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mwalimu, umeanzishiwa dozi?" Kicheko kilichofuata kilimfikia mpaka mifupani.

Kuanzia siku hiyo alianza kuchelewa kurudi. Anapita kwa jirani, anaomba maji ya kunywa, anakaa mpaka giza, kisha anaingia nyumbani na kusema ameshiba. Jagi likabaki limejaa. Asubuhi mke anamwagia miche ya mipapai. Jioni anatengeneza lingine, na moyoni anajiuliza: kama hanywi kwangu, anakunywa wapi? Mnaelewa swali hilo linampeleka mtu wapi. Akaanza kupekua simu.

"Shemeji," yule mwalimu aliniambia, "lile jagi likiwa pale mezani naliona kama karipio limefunikwa kitambaa."

Na mke wake, tukiwa jikoni tunachuja, alinijibu kwa swali. "Ningeanzia wapi, dada? Ningemwambiaje mtu mzima kwamba nimeona?"

Kwani yeye hakujua kwamba ameona? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wakati ule wote mke alidhani anamstahi mumewe kwa kunyamaza, na mume alidhani anamstahi mkewe kwa kukimbia. Ila jagi halikunyamaza. Liliongea kila jioni, na likaongea vibaya, kwa sababu jagi halijui kuongeza neno "nakupenda" mwisho wa sentensi.

Tuangalie basi hiyo siri ya saluni ina ukweli gani, maana haikutoka hewani kabisa. Tikiti lina kitu kinaitwa sitrulini. Mwili huigeuza kuwa arginini, na hiyo husaidia kutengeneza nitriki oksidi, ambayo hulegeza mishipa ya damu ipanuke. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walipolieleza hilo, magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba tikiti ni Viagra ya asili. Uvumi haukuhitaji viza, ukafika mpaka Tunduma. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mdogo kutoka Italia: wanaume 24 wenye tatizo dogo la nguvu walipewa vidonge vya sitrulini, gramu moja na nusu kila siku kwa mwezi. Nusu yao walipata nafuu. Walipopewa vidonge visivyo na dawa, ni wawili tu waliosema wameona mabadiliko.

Ukiishia hapo utakimbilia sokoni na toroli. Lakini soma tena: vidonge, tatizo dogo, watu 24. Ili uipate gramu moja na nusu kutoka kwenye tunda unaweza kuhitaji kilo nzima ya nyama ya tikiti au zaidi, kila siku ya Mungu, na kiasi chenyewe hubadilika sana kati ya tikiti na tikiti. Glasi mbili za jioni zitamkata mume wako kiu, na zitamwamsha saa nane za usiku kwenda uani. Hilo la pili ndilo la uhakika.

Kitu ambacho siri ya saluni haisemi ni hiki: mwanaume wa miaka thelathini na kitu akianza kusumbuliwa mara kwa mara, mara nyingine ni mishipa ya damu inapiga honi mapema. Mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuwa ya kwanza kulalamika kukiwa na presha au kisukari. Mara nyingine ni pombe, sigara, dawa fulani anazotumia, au mawazo tu ya mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Tikiti halitakuambia ni ipi. Mashine ya kupima presha na tone la damu kidoleni vitakuambia, na kituo cha afya hakihitaji uwe umevaa suti.

Na kama kuna anayenisoma ambaye yuko karibu na mpaka na tayari ameuziwa vidonge vya buluu bila cheti, au kile kinachoitwa vumbi la Kongo, naomba anisikilize. Vidonge vile mtu akivichanganya na dawa za moyo za kundi la nitreti, presha inaweza kushuka ghafla mpaka kuua. Hilo vumbi ndiyo kabisa, hujui hata kilichosagwa ni nini. Afadhali jagi la tikiti mara mia.

Kwa wale wawili, jagi liliongelewa hatimaye. Sikuwepo, na hata ningekuwepo nisingeandika yote. Ninachojua ni kwamba jioni moja mke hakuliweka mezani. Alikaa nje na mumewe kwenye mkeka, akasema, "Nilikuwa nakuwekea dawa bila kukuambia." Akajibiwa, "Najua. Shule nzima inajua." Nasikia walicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Baada ya wiki moja walipanda kupima. Presha ya mwalimu ilikuwa juu, akiwa na miaka 34, na hakuwahi kuumwa hata kichwa. Sasa yuko kwenye uangalizi, chumvi imepunguzwa, na juisi yake inakamuliwa ndimu tu. Yaliyobaki ni yao.

Kina dada, usimpe mtu mzima dawa kimya kimya, hata kama dawa yenyewe ni tunda. Na kina kaka, mke akikuuliza, usikimbilie maji ya jirani. Nimemaliza, sihubiri tena.

Turudi kwenye mambo matamu, maana tikiti halina mapishi mamoja. Kuna lile la ubuyu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Chukua vijiko vinne vya unga wa ubuyu, koroga kwenye glasi moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chuja, changanya na lita ya juisi ya tikiti. Ndimu hapa acha, ubuyu una uchachu wake. Kinakuwa kizito kidogo, chenye rangi ya waridi, na kinashibisha. Ni kizuri kwa wale mnaotoka ofisini saa kumi na moja mkiwa hamjala tangu saa sita.

Wafugaji wa bondeni wana mtindi wa kutosha, na nilijaribu kuuchanganya na tikiti maji. Sikupendezwa, unakuwa majimaji kama uji ulioharibika. Lakini ukipata lile tikiti dogo lenye nyama ya rangi ya chungwa, ambalo madukani Dar wanaliita meloni, mambo yanabadilika. Kipande cha meloni, kikombe cha mtindi mzito, iliki mbili zilizotwangwa, ponda pamoja, basi. Hii mpe mkweo akija, utaniambia.

Najua pia yupo atakayeuliza kuhusu Konyagi. Yupo kila mwezi. Jibu langu: pombe inakutoa maji mwilini wakati tikiti linakutia, sasa wewe unataka upande gani ushinde? Kwenye joto lile, kunywa tikiti kwanza, ukishakata kiu ndiyo uamue.

Wenye kisukari msinywe juisi kwa majagi. Kipande cha tunda lenyewe ni salama zaidi kuliko glasi, kwa sababu ukitafuna unachoka mapema, na juisi haimchoshi mtu. Kwa mwenye kuharisha, juisi hii siyo mbadala wa ile pakiti ya chumvichumvi ya zahanati. Pakiti kwanza.

Na lile ganda usilitupe. Menya ngozi ya kijani ya juu, ile sehemu nyeupe iliyobaki ikate nyembamba, iponde na ndimu, majani machache ya mnanaa na tango nusu, kisha chuja. Inatoka juisi ya kijani hafifu isiyo na utamu mwingi, na kwa taarifa yako ile sitrulini iliyosumbua watu imo hata humo kwenye weupe. Mwalimu ndiyo anayoipenda siku hizi. Anaitengeneza mwenyewe, anaisambazia mpaka ofisi ya walimu, na wenzake wanaikunywa bila kuuliza swali. Ngozi za kijani anapelekewa mbuzi wa jirani.